Njia Moja Yaweza Kuwatosha Wengi

Katika muongo wa kwanza wa karne hii, Wilaya za Serengeti na Bunda zilionyesha njia. COSTECH, pamoja na vyuo vya Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha KTH cha Stockholm, walitumia nyuzi za kioo zilizomo katika njia za umeme za TANESCO, wakaunganisha shule, hospitali na ofisi. Basi leo swali si kama mawasiliano yaweza kufika Mara. Swali ni namna ya kuyatumia bila ubadhirifu.

Tuchukue mfano. Somo la fizikia lafundishwa Dar es Salaam, na shule 30 za Tarime na Serengeti zalifuata saa ile ile. Picha na sauti zahitaji megabiti 2 kwa sekunde. Kwa desturi ya intaneti hutumwa nakala 30. Megabiti 60 zasongamana katika njia moja, nazo zote ni kitu kile kile!

Ipo njia nyingine, iitwayo multikasti. Steve Deering wa Chuo Kikuu cha Stanford aliitungia kanuni zilizotolewa mwaka 1989. Somo hupewa anwani ya kundi, na shule inayolitaka hujiandikisha. Ruta, yaani mashine za njia panda, hupitisha nakala moja tu na kuizidisha pale njia zinapoachana. Kama furushi la magazeti lisafirishwavyo zima kutoka Mwanza, likafunguliwa pale njia ya Tarime inapoachana na ya Mugumu. Asiyeomba hapelekewi.

Multikasti haimfai atakaye somo kwa saa yake mwenyewe. Tena, kila ruta njiani haina budi kuielewa. Ikishindwa moja, walio mbele yake hukosa. Makampuni mengi ya intaneti hayaipitishi katika mitandao ya wenzao, kwa kuwa ni vigumu kuisimamia na kuitoza bei. Mitandao ya vyuo na utafiti ndiyo iliyoilea tangu mwaka 1992, maana wenyewe ni washirika, si washindani.

Kwetu ushirika wa namna hiyo upo: TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania. Twasema, basi, kwamba shule za mashambani zitakapounganishwa, ruta zichaguliwe na kutayarishwa kwa kazi hii tangu siku ya kwanza. Si haki mwananchi wa Tarime alipishwe mara 30 kwa kitu kimoja.