Presha Ikishushwa kwa Makusudi

Presha tunaijua kwa ubaya wake: ikipanda sana inaua, ikishuka sana inaangusha mtu. Kwa hiyo wengi hushangaa kusikia kwamba ziko operesheni ambamo mtaalamu wa dawa za usingizi humshusha mgonjwa presha kwa makusudi. Sisi hatuna ugomvi na jambo hilo. Tunachotaka kujua ni nani anayekaa kichwani pa mgonjwa wakati huo, na ana vyombo gani.

Sababu yake ni nyepesi. Presha ikipungua, mishipa iliyokatwa hutoa damu kidogo, na daktari huona vizuri anapopasua uti wa mgongo, taya au sikio la ndani. Damu ya kuongezewa nayo huokolewa, na taabu ya kutafuta damu katika hospitali zetu inajulikana. Harvey Cushing wa Marekani alitoa fikra hiyo mwaka 1917 kwa ajili ya operesheni za ubongo. Dawa zenyewe zilikuja baadaye; mwaka 1950 Enderby wa Uingereza aliandika jinsi alivyozitumia huku mgonjwa amelazwa kichwa kikiwa juu.

Mojawapo ya dawa zilizotumika kwa kazi hiyo ni nitrogliserini, na hapa mfanyakazi ana haki ya kusema neno, maana ilipita mwilini mwake kwanza. Ndiyo mafuta ya kutengenezea baruti ya dainamiti. Wafanyakazi wa viwanda vya baruti huko Ulaya na Marekani waliivuta na kuigusa kila siku. Mishipa ikatanuka, presha ikashuka, vichwa vikawauma. Mwili ulizoea katikati ya wiki, lakini baada ya mapumziko maumivu yalianza upya Jumatatu. Wengine waliipaka kidogo kwenye utepe wa kofia siku ya mapumziko ili wasipoteze mazoea. Wako waliokufa ghafla baada ya siku moja au mbili za kukaa mbali na kazi, mishipa ya moyo ilipojikaza. Nani alikuwa akiwapima? Hakuna.

Chumbani mwa operesheni dawa hiyo hiyo huingizwa kwa kipimo, na tofauti yote iko kwenye kupima. Kwa mtu mzima wa afya, wastani wa presha huweza kushushwa hadi kati ya 50 na 65. Lakini mwenye presha ya siku nyingi, ubongo na figo zake zimezoea msukumo mkubwa. Kiasi kinachomfaa mwenzake kwake yeye kinaweza kuleta kiharusi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na shirikisho la kimataifa la wataalamu wa usingizi walitoa viwango: mtaalamu asiondoke, oksijeni ya damu ipimwe mfululizo, presha angalau kila dakika 5. Hayo ni kwa operesheni ya kawaida. Pasipokuwa na hayo, sisi tunaonelea presha isishushwe kabisa, heri damu ipotee kidogo. Siku hizi, tena, ziko dawa nyingine za kupunguza kutoka damu, kama asidi ya traneksamiki.

Mikataba mingi husema tu kwamba mwajiri atagharimia matibabu. Katibu wa tawi aulize zaidi: hospitali gani, ina mtaalamu wa usingizi, ina vyombo? Na mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi au dole gumba.

Liko jambo zito kuliko hayo. Wenzetu wengi huficha presha yao wakiogopa kuandikwa kuwa hawafai kazi, na mtu aliyezoea kuificha mbele ya mnyapara na zahanati ya shamba huificha hata mbele ya mtu wa dawa za usingizi. Huyo ndiye anayelala mezani akihesabiwa kuwa mzima. Kwa hiyo kifungu cha kwanza cha kudai mezani ni hiki: cheti cha presha ya mfanyakazi kibaki kwa mganga, kisifike ofisini kwa meneja, wala asiachishwe mtu kazi kwa sababu anameza vidonge.