Damu na Mpira Wake

Wananchi wa Karatu na Ngorongoro hawahitaji kufundishwa thamani ya damu. Hawajasahau tarehe 6 Mei 2017, basi la shule lilipotumbukia bondeni huko Rhotia na kuua watu 35, wanafunzi wakiwa 32. Tangu mwaka 2004 taifa letu lina Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na wafanyakazi na wakulima huombwa mara kwa mara wajitolee damu. Hilo ni jambo jema. Lakini leo twapenda kusema juu ya chombo kidogo kisichotajwa mikutanoni, nacho ni mpira upitishao damu hiyo kutoka mfukoni hadi mshipani.

Yafaa ieleweke kwamba mpira wa damu si mpira wa dripu ya maji. Ndani yake mna kichujio chenye matundu ya mikroni 170 hadi 200, yaani kama sehemu ya tano ya milimita, ili kuzuia mabonge yanayojikusanya damu inapohifadhiwa. Mpira wa maji hauna kichujio hicho, wala haufai kushika nafasi yake.

Tena sehemu za damu hazitunzwi namna moja. Chembe nyekundu hukaa katika baridi ya digrii 2 hadi 6, na zikitoka jokofuni yapasa ziishe kuingia mwilini kabla ya saa 4 kupita. Chembe sahani, zisaidiazo damu kuganda, hukaa katika digrii 20 hadi 24, nazo zataka mpira mpya, usiopitishiwa kwanza chembe nyekundu. Maji ya sukari yasichanganywe humo kamwe, kwa maana huharibu chembe. Vipo pia vichujio vya chembe nyeupe, vyenye gharama kubwa zaidi. Hivyo wawekewe wagonjwa ambao daktari ameona wanavihitaji.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua Endulen hawezi kungoja gari lishuke hadi Arusha kufuata mpira. Kwa hiyo kila agizo la damu halina budi kwenda pamoja na agizo la mipira yake, kwa hesabu moja, pamoja na akiba. Wajumbe wa bodi za hospitali na madiwani waulize hesabu hiyo katika kila kikao.

Mwenye kutoa damu ametoa sehemu ya mwili wake. Ni aibu kwetu sote ikiwa itaharibika jokofuni kwa kukosa mpira, au ikipitishwa katika mpira usio wake.