KAMERA KUUKUU NI AMANA, SI PAMBO LA KABATI

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu twaukumbuka kila tuwaonapo watu, vijana kwa wazee, wanaokusanya kamera za zamani, zile za kutilia filamu, wakazipanga kabatini kama vikombe vya kaure. Ni jambo jema, nasi twawapongeza. Lakini twauliza: je, wanakusanya kamera, ama wanakusanya maganda yake?

Chombo hiki si kigeni kwetu kama wengi wadhanivyo. Neno kamera ni la Kilatini, na maana yake ni chumba. Katika karne ya 11 mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alikwisha kueleza jinsi mwanga upitavyo katika tundu na kuingia chumba cha giza. Yaliyofuata, tangu vibao vya Mfaransa Daguerre vya 1839 hadi Leica ya Ujerumani iliyoingia sokoni 1925, ni chumba kile kile kilichozidi kufinywa hata kikaenea kiganjani.

Hapa pwani chumba hicho kilifanya kazi kubwa. Unguja palifunguliwa Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa watu walivaa nguo zao za Idi na za harusi wakaenda kwa Parekh. Lamu, marehemu Omar Said Bakor, bila ya kusomeshwa na mtu, alikata na kuunganisha picha hadi watazamaji wakashika vinywa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na nyuma ya kila picha iliyotundikwa sebuleni pana kamera, pana mkono, na pana negativu.

Msiba wenyewe ni huu. Mwenye studio afapo, kamera hupata mnunuzi upesi, kwani yang'aa. Masanduku ya negativu huachwa uani yakaliwa na mchwa, ama hupelekwa jaani. Sasa tupime. Rolleiflex moja ikipotea, nyingine itapatikana, maana kiwanda kilizitengeneza nyingi. Negativu ya bibi yako ikitupwa, hakuna kiwanda duniani kitakachoitengeneza tena. Mkusanyaji aliyebeba chombo akaiacha kazi yake amenunua ala bila mchele.

Kwa hivyo twamtaka kila mkusanyaji awe na daftari. Aandike kamera ilikuwa ya nani, ilifanya kazi mtaa gani, na miaka gani. Negativu azitie katika bahasha za karatasi, mahali pakavu pasipo joto, na zile zilizoanza kunuka siki azitenge, kwani hiyo ni dalili ya kuoza.

Chombo chenyewe nacho kina haki yake. Unyevu na chumvi ya bahari yetu ni adui wa kamera: lenzi huota ukungu, chuma hushika kutu. Usiifungie katika mkoba wake wa ngozi, maana ngozi hufyonza unyevu ikauhifadhi. Itoe, ipepee, ifyatue mara kwa mara ili mafuta yake yasigande. Kisha itie filamu! Filamu ya namba 120, iliyotolewa na Kodak mwaka 1901, hadi leo yatengenezwa. Kamera ya babu yaweza kumpiga picha kitukuu.

Jambo jingine ni stara. Katika masanduku hayo zimo picha za mabibi zilizopigwa ili ziangaliwe na jamaa zao tu. Aliyenunua negativu sokoni hakununua ruhusa ya kuwaanika wake wa watu mbele ya umati. Na awatafute wenyewe, ama watoto wao, awaulize. Wakikataa, na azirudishe.

Wapo watakaosema: ya nini taabu hii, na kila mtu ana simu? Twajibu kuwa simu hupiga picha elfu, na siku iharibikapo zote huenda nayo. Filamu hukupa picha 12 ama 36, ukafikiri kabla ya kufyatua. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 akakulia Dar es Salaam, alianza utotoni na kamera ya sanduku, Box Brownie. Mkono uliojifunza kwa kisanduku hicho ndio ulioionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984.

Makumbusho zetu za Fort Jesus na Lamu zingefanya hisani kuwakaribisha wakusanyaji hawa, wakawapa pahala pa kuweka madaftari na negativu pamoja na vyombo. Lakini tusingoje makumbusho. Mafundi waliojua kusafisha picha katika chumba cha giza wangalipo wachache mitaani mwetu. Nenda kwao juma hili, na kalamu mkononi, kabla hujaenda kwa muuza kamera.