Kabla ya Kuchimba, Tope Lipimwe

Mito Pampanga na Pasig humwaga maji na tope katika Ghuba ya Manila, Ufilipino. Ndani ya tope hilo hulala Pyrodinium, kiumbe jamii ya mwani kisichoonekana kwa macho. Hali ikiwa ngumu hujifunga katika ganda na kuzama; kinaweza kulala miaka, kisha kikaamka na kuongezeka. Sisi wa falsafa tungekimbilia kumtaja Aristotle na "uwezekano" wake. Wafugaji wa kome wanaita sumu, basi.

Mwaka 1983 sumu hiyo iliua watu waliokula kome huko Samar, na mwaka 1988 ikafika Manila. Kuchemsha hakuiondoi.

Serikali hupiga marufuku kome sumu ikionekana, na inafanya vyema. Lakini mashine za kuchimba na kufukia ghuba huweza kulitibua tope na kuviinua vilivyolala. Mwaka 2023 Rais Marcos alisimamisha miradi mingi ya kufukia ghuba ili ikaguliwe. Kwa maoni yangu, ukaguzi usiishie kwenye makaratasi: tope lipimwe kwanza, na wafugaji wa kome wasomewe majibu. Mtasema ni gharama. Ni gharama kweli; ila leo anayeilipa ni mama muuza kome, siku soko linapofungwa.