Nani Aliyetuambia Nyumba Bora Haina Baraza?

Mwaka juzi nilivunja baraza la nyumba ya mama yangu huko Kilwa Kivinje. Sikulivunja kwa nia mbaya. Nilikuwa nimelipwa fedha za kazi ya ushauri, na kama watoto wengi wa Pwani waliosoma wakahamia mjini, niliona aibu mama wa mtu mwenye shahada ya uzamivu kuishi katika nyumba yenye uso wa udongo uliopakwa chokaa, na mbele yake benchi la mawe lililomomonyoka. Nikamleta fundi kutoka Dar es Salaam, nikamwonyesha picha kwenye simu. Tulipomaliza, nyumba ile ya vyumba vinne ilikuwa na bati la rangi ya damu ya mzee, lipu ya saruji, madirisha ya vioo na alumini, na ukuta wa matofali wenye geti la chuma. Majirani walisifu. Nikapiga picha, nikarudi kazini.

Miezi mitano baadaye nilifika bila taarifa, yapata saa kumi na moja jioni, nikamkuta mama ameketi nje ya geti, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa upole unaoumiza kuliko lawama: "Ndani kunawaka, mwanangu. Na nikikaa uani sioni mtu." Biashara ya vitumbua aliyokuwa akiifanya barazani kila asubuhi alikuwa ameiacha, kwani mteja gani atagonga geti la chuma kwa ajili ya kitumbua kimoja? Mzee jirani aliyezoea kuja baada ya sala ya alasiri naye alikuwa hafiki tena. Hapakuwa na ugomvi wowote. Palikosekana mahali pa kukaa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiutazama uso wa nyumba ndogo kwa jicho jingine. Tumezoea kuuhesabu kuwa pambo, jambo la rangi na urembo, la kufikiriwa fedha zikibaki. Kumbe uso wa nje ndipo nyumba inapokutana na jua, mvua na binadamu wengine. Kwa mtu mwenye nyumba kubwa kosa la hapo linavumilika, maana atahamia chumba kingine au atawasha kiyoyozi. Mwenye vyumba vinne hana pa kukimbilia. Kwake, upenu na baraza ni nusu ya nyumba.

Waswahili husema nyumba njema si mlango. Methali hii inatuonya tusihukumu kwa sura. Serikali zetu, na sisi wasomi pamoja nazo, tumefanya kinyume chake kwa zaidi ya nusu karne. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka ili kijiji kionekane kimeendelea. Leo maswali ya sensa kuhusu makazi huuliza paa ni la nini, ukuta ni wa nini, sakafu ni ya nini. Ni maswali ya haki na yana kazi yake. Hata hivyo, katika jedwali linalotokana nayo, nyumba ya bati na saruji isiyokalika mchana huhesabiwa kuwa bora kuliko nyumba ya udongo yenye msingi wa mawe, upenu mpana na kivuli cha mwembe. Afisa hupeleka jedwali juu, nasi huku chini tunajenga kulifuata jedwali.

Mwalimu Nyerere aliuona ugonjwa huu mapema. Katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, alilalamikia jinsi Watanzania walivyotekwa na saruji na bati, hata wakaona heri wasubiri udongo wa Ulaya kuliko kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae vya udongo wa kwao. Aliyasema hayo wakati dola aliyoiongoza ikiendelea kupima maendeleo kwa macho. Sisemi hivyo kumkebehi. Nasema ili tuone kwamba tatizo si uhaba wa hotuba.

Ajabu ni kwamba haya yanatokea Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Tunawapeleka wanafunzi kuyatazama, wanapiga picha mbele ya Msikiti Mkuu, kisha tunarudi kujenga kana kwamba mahali hapa hapajawahi kuwa na mjenzi. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri, na maelezo yake yanataja majengo ya miti na mapaa ya majani. Wanahistoria wamebishana sana juu ya maneno hayo, kwa sababu msikiti wa mawe ulikwishakuwapo. Kwangu mimi funzo ni jepesi: mtu aliyeiona miji mingi ya dunia hakuona kwamba mti na majani vinauzuia mji kuwa mzuri. Hata Songo Mnara, uchimbaji wa mambo ya kale umeonyesha nyumba za miti na udongo zikiwa kando ya nyumba za mawe.

Wajenzi wale walijua nini? Kwanza, walijua upepo. Pwani ya Lindi ina kusi na kaskazi, na jua la mchana hupita karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nyumba ndogo ikielekeza pande zake ndefu kusini na kaskazini, hupokea pepo zote mbili na kuliachia jua la magharibi ukuta mfupi tu. Mlango wa mbele ukitazamana na wa uani, upepo unapita katikati. Hili halina gharama hata shilingi moja; linahitaji mtu asimame kiwanjani na kufikiri kabla ya kuchimba msingi.

Pili, walijua kivuli. Upenu wa mita moja huzuia jua lisiguse ukuta na mvua ya masika isiugonge. Mapaa ya mtindo wa sasa, yanayofichwa nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane kama sanduku, yanaondoa kabisa upenu, na katika pwani yenye mvua za kupigwa na upepo ni kualika unyevu ndani. Ni kweli kwamba upenu mpana unaweza kunyanyuliwa na upepo mkali. Wazee wa Lindi wanakikumbuka kimbunga cha mwaka 1952, na sisi tulikiona Kimbunga Hidaya Mei 2024, mwezi ambao mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga. Jibu ni kufunga kenchi barabara kwenye ukuta na kusimamisha nguzo za baraza chini ya upenu huo.

Tatu, walijua chokaa. Ukuta mweupe hurudisha jua, na chokaa huuacha ukuta wa udongo upumue. Mimi nilipiga lipu ya saruji juu ya udongo. Masika ya kwanza tu ikaanza kubanduka vipande vipande, kwa kuwa udongo hutanuka na kusinyaa nayo saruji haifuati. Fundi mzee wa Kivinje angenieleza kwa dakika mbili, lakini sikumuuliza. Nilikuwa na picha kwenye simu.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, walijua jirani. Baraza ni sebule ya asiye na sebule. Ni duka la mjane, ni darasa la watoto, ni mahali pa kupokea mgeni ambaye si wa kuingia ndani, na ni ulinzi, maana mtaa wenye watu barazani unajua nani amepita. Tunapolibomoa na kuinua ukuta, tunamnyang'anya maskini nafasi ya umma pekee aliyokuwa na sauti juu yake. Wanaharakati tunaopigania uhuru wa kukusanyika kwenye viwanja na kumbi tumesahau mkusanyiko mdogo kuliko yote, wa watu wanne na birika la kahawa.

Najua nitakayojibiwa. Msomi anayelala kwenye nyumba ya saruji asiwahubirie wengine udongo. Pingamizi hilo nalikubali, na ndiyo sababu sisemi turudi nyuma. Makuti huvuja, hushika moto, na kuyabadilisha kila baada ya miaka michache ni mzigo. Bati lina fadhila: kwa watu wa visima vya maji ya chumvi, paa lenye mifereji na tangi ni kisima kitamu. Chokaa ya kuchoma matumbawe imeharibu miamba ya samaki katika pwani yetu, wala mikoko si ya kukatwa ovyo kwa ajili ya boriti. Tena upenu ulioachwa wazi ni mlango wa mbu. Hapo jirani zetu wa Mtwara wana la kutufunza: katika vijiji vya mkoa huo zimejengwa nyumba 110 za ghorofa moja kwa utafiti wa afya, zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa na wavu wa kuzuia mbu, ili afya ya watoto wanaolala humo ilinganishwe na ya wenzao wa nyumba za kawaida. Utafiti ule haukuanza kwa kuuliza nyumba ni ya saruji au ya udongo. Uliuliza mtoto analalaje. Hilo ndilo swali.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa watumishi wa umma: halmashauri za Kilwa, Mtama na Manispaa ya Lindi zitoe bure ramani chache za nyumba ndogo za pwani, zenye baraza, upenu, mifereji ya maji na wavu wa mbu, na zitoe kibali kwa haraka kwa atakayezifuata. Mnapopanua barabara na kumlipa mwananchi fidia, lihesabuni baraza kuwa sehemu ya nyumba na ya riziki. Kwa wanafunzi wa usanifu na ujenzi: njooni mpime nyumba za Kivinje kabla hazijaanguka, muandike majina ya vitu vyake kutoka vinywani mwa mafundi. Kwa wanaharakati: tuanze kuuliza, kila mradi wa makazi unapozinduliwa, watu watakaa wapi jioni.

Wilaya ya Kilwa inatoa gesi ya Songo Songo, ambayo tangu mwaka 2004 inazalisha umeme unaozungusha mapangaboi ya Dar es Salaam. Si haki kwamba watu wa wilaya hiyo hiyo waelekezwe kwenye nyumba zisizokalika bila pangaboi, ilhali wengi wao hawana fedha ya kulipia umeme.

Ama nyumba ya mama, mwaka jana nilimwita yule fundi mzee. Aliuzunguka ukuta wangu mara moja, akanitazama, akasema, "Dokta, huu tuukate." Tukaukata upande wa mbele, tukaacha kozi tatu za chini, akazipanua kwa matofali yaliyotoka juu, akasakafia, akasimamisha nguzo mbili na kuvuta upenu. Geti tuliliuza. Bati la damu ya mzee bado liko juu, na mchana bado kunawaka, kwani fedha ya kulirekebisha sina kwa sasa. Vitumbua vimerudi. Yule mzee jirani pia, ingawa siku ya kwanza alisimama kidogo barabarani, akiangalia kama kweli ameruhusiwa kukaa.