Mtoto Mwenye Usonji Naye Ana Nafasi Katika Mkeka wa Madrasa

Ndugu Waislamu, mtoto anapofikisha miaka mitatu bila kusema, wengi wetu humwambia mama yake: "Subiri, atasema tu." Miaka miwili hupita. Akipelekwa madrasa hatulii, haitiki jina lake, na huziba masikio wenzake wanapoitikia kwa sauti. Haichukui muda ustadhi humrejesha nyumbani. Hapo elimu yake imekwisha kabla ya kuanza.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo. Hausababishwi na malezi ya mama, wala chanjo: makala ya mwaka 1998 iliyoihusisha chanjo ya surua na usonji ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha. Fimbo haiuondoi. Kinachomfaa mtoto ni mafunzo, na yakianza mapema humfaa zaidi.

Sisi hatuanzi patupu. Shule za awali za madrasa, zilizoanza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation kisha zikaenea Zanzibar na Uganda, zilionesha kuwa masomo ya dini na michezo ya kujifunzia huweza kukaa chumba kimoja, na kwamba wanawake wa mtaa wanaweza kufunzwa ualimu.

Kumpokea mtoto huyu hakuhitaji jumba. Zibandikwe ukutani picha za ratiba: kunawa, kusoma, kula, kurudi nyumbani. Mwalimu atumie maneno machache, yaleyale kila siku, na aigawe kazi katika hatua ndogo. Iwepo kona tulivu kelele zikimzidi. Mama aruhusiwe kukaa naye majuma ya mwanzo.

Wapo watakaosema kuwa atawapotezea wenzake wakati. Na wakumbuke sababu ya kuteremka Surat Abasa: kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, alikuja kutafuta elimu wakati wakubwa wa Makureshi wakihutubiwa. Baadaye alikuwa muadhini wa Mtume (S.A.W.). Darasa linalomfukuza mtoto haliokoi wakati. Huwafundisha waliobaki kwamba mnyonge hana nafasi.

Basi mzazi ambaye mwanawe haitiki jina akiwa na mwaka mmoja, au haoneshi kitu kwa kidole akiwa na miezi 18, ampeleke kliniki bila kungoja. Nazo kamati za misikiti zimgharimie japo mwalimu mmoja akajifunze elimu maalumu. Mtoto huyu ni amana yetu sote, na amana huulizwa.