Dawa za porini: Mwenye jembe ndiye wa kwanza kuulizwa

Katika masoko mengi ya mijini na kwenye minada ya vijijini, meza ya muuza dawa za asili haikosekani. Juu yake hupangwa magome yaliyofungwa kwa kamba, mizizi iliyokatwakatwa, na unga wa rangi ya udongo katika chupa na vifuko vya nailoni. Mteja akiuliza, hutajiwa jina la dawa na orodha ya magonjwa. Swali ambalo kwa kawaida halina jibu pale mezani ni hili: mti huo ni upi hasa, ulichimbwa wapi, na nani aliyeutambua?

Swali hilo siyo la wasomi peke yao. Ni la biashara, na kwa mlaji linaweza kuwa la uhai na kifo. Mti ukiwa umesimama una majani, maua, matunda, miba, utomvu na harufu. Mzizi ukishakatwa, ukaanikwa na kutwangwa, karibu alama zote hizo zimepotea. Dalali anayenunua gunia hawezi kujua, mchuuzi wa mjini hawezi kujua, na mgonjwa anayekoroga unga katika uji hawezi kujua. Mtu pekee aliyeuona mti mzima ni yule aliyeshika jembe na panga kule porini. Akikosea yeye, wote waliomfuata wamekosea.

Ni ukweli usiopingika kwamba dawa za asili zinategemewa na kaya nyingi nchini, hasa pale zahanati ilipo mbali na fedha ni haba. Ni ukweli pia kwamba Serikali inaitambua huduma hiyo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza lenye jukumu la kusajili waganga na kusimamia huduma zao, na utafiti wa dawa hizo umekuwa ukifanyika Muhimbili tangu mwaka 1974. Hata hivyo, sheria na maabara haviwezi kusahihisha kosa lililofanyika kwenye shina la mti. Kazi ya kutambua huanzia shambani.

Mfano ulio karibu zaidi na kumbukumbu za wengi ni ule wa Loliondo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni katika kijiji cha Samunge kupata kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kwa Sh 500. Mti uliotumika ulijulikana kwa jina la mugariga, ambao Wamasai huuita olamuriaki na Wakikuyu mukawa. Kitaalamu huitwa Carissa spinarum. Wafugaji wameutumia kwa miaka mingi, wakichemsha mizizi yake na kuitia katika supu kwa ajili ya maumivu ya viungo na kifua, na watoto wa machungani hula matunda yake. Haikuthibitika kwamba kikombe kile kiliponya maradhi sugu yaliyotajwa, lakini mti wenyewe ulikuwa umetambuliwa.

Baada ya hapo vikombe vingine vilizuka katika mikoa mingine, na wanywaji hawakuwa na njia ya kujua kilichochemshwa ndani yake. Hapo ndipo penye hatari. Mugariga una ndugu yake wa ukoo mmoja, msunguti, ambao kitaalamu ni Acokanthera schimperi na Wamasai huuita olmorijoi. Majina hayo mawili ya Kimaasai yanakaribiana masikioni mwa mtu asiye Mmasai, na miti yenyewe inakaribiana machoni. Yote miwili ina majani magumu yanayong'aa, yaliyopangwa mawili mawili yakitazamana. Yote hutoa utomvu mweupe, yote ina maua madogo yenye harufu nzuri, na matunda ya yote huiva yakawa meusi ya zambarau.

Lakini msunguti ndio mti ambao jamii za wawindaji, wakiwamo Wakamba na Wagiriama, waliuchemsha hadi ukawa kama lami nyeusi ya kupaka kwenye mishale. Sumu yake hushambulia moyo. Mtu anayechimba mizizi ya msunguti akidhani ni mugariga, kisha akaiuza kwa mnunuzi aliyeisikia sifa ya Loliondo, anauza sumu ya mishale kwa ajili ya supu.

Alama ya kuvitofautisha viwili hivyo ni mwiba. Mugariga una miba iliyonyooka, migumu, mara nyingine imegawanyika ncha mbili. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Mchimbaji anayeshika kanuni rahisi ya kuuacha kila mti usio na mwiba atakuwa amejiepusha na balaa kubwa. Hata hivyo mwiba ni alama ya kwanza, siyo ya mwisho, na haifai kuamua kwa alama moja peke yake. Wala kuonja siyo kipimo, kwa kuwa sumu ya namna hiyo haimpi mtu nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Mfano wa pili uko karibu na nyumba za watu. Mwarobaini, uliokuja kutoka Asia, umepata jina kutokana na imani kwamba hutibu magonjwa arobaini. Majani yake huchemshwa kwa homa na kuogeshwa kwa upele, na wakulima huyatumia kufukuza wadudu ghalani. Lakini mmelia, ambao hupandwa kwa kivuli na mbao, una sura inayofanana nao kiasi kwamba katika sehemu za nyanda za juu watu huuita mwarobaini vilevile. Matunda ya mmelia ni sumu kwa binadamu na kwa nguruwe.

Kuvitofautisha siyo kazi ngumu kwa aliyeelekezwa. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja, na vijani vyake vimepangwa pande mbili za kikonyo hicho moja kwa moja. Jani la mmelia hugawanyika mara mbili: kikonyo kikuu hutoa vikonyo vidogo, na vijani huota juu ya hivyo vidogo. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana rangi ya zambarau hafifu. Matunda ya mmelia ni ya mviringo, ya manjano, na hubaki yakining'inia kwa vishada hata majani yanapokuwa yamepukutika. Aidha, ikumbukwe kwamba hata mafuta ya mbegu za mwarobaini wa kweli hayafai kunyweshwa watoto wachanga, kwani yamewahi kuwadhuru vibaya.

Mfano wa tatu unaonyesha jinsi jina pekee lisivyotosha. Mnanaa ni jani la chai, la tumbo na la mafua. Mnanaha, kwa herufi moja tu zaidi, ni kitu kingine kabisa. Ni mmea unaoota majalalani na pembeni mwa mazizi, wenye ua jeupe refu kama tarumbeta na tunda lenye miba. Waganga wa zamani walijua kuutumia kwa tahadhari, wakimpa mwenye pumu avute moshi wa majani yake makavu. Lakini una kemikali za aina ya atropini, na aliyeula hukaukwa kinywa, mboni za macho hupanuka, na huanza kuweweseka. Mnanaa una shina lenye pembe nne na harufu inayojulikana mara tu jani linapofikichwa. Mnanaha hauna pembe hizo, na harufu yake ni mbaya.

Anayedhani kosa la namna hiyo haliwezi kutokea katika biashara kubwa akumbuke yaliyotokea Karamoja, nchini Uganda, mwaka 2019. Watu wapatao 300 waliugua na watano wakafariki baada ya kula uji wa msaada uliochanganyika na sumu ya mimea ya jamii hiyo ya mnanaha. Mbegu za magugu ziliingia katika nafaka na kusagwa pamoja. Chakula kilichopita katika viwanda na bohari kilishindwa kwa sababu ya magugu ambayo hayakutambuliwa na kung'olewa shambani. Gunia la mizizi linalopita mikono mitatu bila karatasi yoyote halina kinga zaidi ya hiyo.

Kwa mantiki hiyo, mkulima na mchimbaji wa dawa wana jambo la kufanya ambalo halihitaji mtaji mkubwa. La kwanza ni kutunza sampuli. Achukue tawi lenye majani, na ikiwezekana maua au matunda, alilaze kati ya kurasa za magazeti ya zamani, aweke uzito juu yake, na abadilishe karatasi kila siku mpaka likauke. Pembeni aandike jina la mti kwa lugha ya mahali hapo, kijiji ulipoota, tarehe, urefu wake, rangi ya utomvu na sehemu inayotumika. Sampuli kama hiyo inaweza kupelekwa kwa ofisa misitu au ofisa ugani wa wilaya, na kutoka hapo ikafika kwa wataalamu wa Hifadhi ya Taifa ya Mimea iliyoko Arusha au Idara ya Botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko hupewa jina la kitaalamu, ambalo halibadiliki kutoka kabila moja hadi jingine.

La pili ni kutochanganya. Mzigo wa mlima mmoja ukae peke yake, na kila gunia liwe na kibandiko chenye jina la mti, sehemu iliyovunwa, mahali na siku. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika biashara ya dawa, kisicho na daftari hakiishi mali tu, kinaweza kumaliza na mteja.

La tatu ni kupanda. Mti uliooteshwa kitaluni kutokana na mama aliyetambuliwa hauhitaji kubahatishwa tena kila msimu. Tena unaupunguzia msitu mzigo. Mkondekonde wa Kilimanjaro, unaoitwa kitaalamu Prunus africana, ni fundisho tosha. Wenyeji walitumia magome yake kwa homa na maumivu ya kifua, kisha viwanda vya Ulaya vikagundua kwamba yanafaa kutengenezea dawa za uvimbe wa tezi dume. Miti ilichunwa pande zote mpaka ikafa imesimama, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya nje iko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo haisafirishwi bila kibali. Aliyeupanda shambani mwake ana cha kuuza na ana ushahidi wa alikokitoa.

Kuna watakaosema kwamba yote haya ni kuwaongezea wanyonge gharama, na kwamba mnunuzi hamlipi mtu kwa sababu ya kibandiko. Hoja hiyo ina uzito. Leo hii gunia lililotambuliwa na lile la kubahatisha yanaweza kununuliwa kwa bei moja, na dalali hana haja ya kutofautisha. Lakini hali hiyo huendelea kwa sababu wachimbaji huuza mmoja mmoja, kila mtu kando ya barabara yake. Wakiungana katika kikundi, wakawa na sampuli moja inayotambulika na mzigo wenye kumbukumbu, wanakuwa na kitu ambacho mtengenezaji wa dawa aliyesajiliwa anakihitaji na hawezi kukipata mahali pengine. Kile wanachokijua kuhusu mti, ambacho sasa wanakitoa bure pamoja na mzizi, ndicho hasa chenye thamani.

Wafanyabiashara wadogo nao wana wajibu wao. Kabla ya kulipa, mchuuzi aombe kuonyeshwa tawi, siyo mzizi peke yake. Akikosa, aache. Amwambie mteja wake ukweli kwamba dawa ya asili siyo sababu ya kuacha dawa za hospitali bila kumuuliza daktari, hasa kwa wenye kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi. Mjamzito na mtoto mdogo wasiuziwe unga usiojulikana kwa bei yoyote ile.

Halmashauri za wilaya nazo zisikae pembeni. Maofisa ugani wamefundishwa mahindi, kahawa na mifugo, na hilo ni jema. Lakini ofisa anayekaa kata yenye wachimbaji wa dawa anapaswa kuutambua msunguti kama anavyolitambua kiduha shambani. Kila kijiji kina wazee wanaoijua miti hiyo kwa majani, kwa harufu na kwa majira yake ya kuchanua. Wakikutanishwa na vijana wachimbaji na mtaalamu wa mimea, hata kwa siku chache kwa mwaka, kazi kubwa itakuwa imefanyika kwa gharama ndogo.

Wazee hao wanapungua kila mwaka, na mahitaji ya dawa mijini yanaongezeka. Vijana wanaoshika majembe yao wengi hujua jina la mti na bei yake tu. Wapelekwe porini wangali wapo wa kuwaonyesha mwiba.